Jicho la Bi Alawiya

Mwanamkisi binti Famau alizaliwa Pate, kwa watu huru wasio na kitu, na huko kutokuwa na kitu ndiko kulikomfikisha Amu, mji wa Lamu. Baba yake alipokufa, mjomba mmoja mwenye haraka ya kupunguza walaji nyumbani alimchukua mpaka kwa Bwana Muhdhar, mtaa wa Mkomani, akasema: mleeni. Wakamlea. Kulea kwa nyumba ile kulikuwa na namna yake. Wageni wakija, Mwanamkisi alikuwa "mwana wetu wa Pate". Wageni wakishatoka, alikuwa mtu wa kuteka maji, kusugua masufuria na kukanda miguu ya watu, na usiku alitandika mkeka wake chini ya ngazi, kando ya mitungi. Serikali ilikuwa imepiga marufuku utumwa miaka michache nyuma, na Bwana Muhdhar alipenda kutangaza barazani kwamba nyumba yake haikuhitaji kuambiwa na Mzungu, kwa kuwa yeye hana mtumwa, ana wana tu. Wana hao hawakupata kula naye sahani moja hata siku ya Idi.

Mke wa Bwana Muhdhar aliitwa Bi Alawiya. Alikuwa mwanamke wa nasaba, na nasaba yenyewe aliijua mpaka kwa babu wa mababu, majina yote kwa mpango, bila kukwama. Alikuwa pia na ugonjwa wa vikope, ambao haukuuliza nasaba. Ulimshika utotoni, ukaondoka, ukarudi, na kila ulipokwenda ulimwachia kovu ndani ya kope, mpaka kope zenyewe zikajikunja na nywele zake zikageukia ndani, zikawa zinakwaruza jicho kila anapopepesa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kuota chamba cheupe, na kwalo alitambua mchana na usiku tu. Lililobaki ni la kulia.

Hilo la kulia liliishi kwa mkono wa Mwanamkisi. Kila zilipoota nywele mpya, Bi Alawiya alilala kwenye kiti kirefu karibu na dirisha la ua, na Mwanamkisi alizing'oa moja moja kwa kikoleo kidogo cha fedha. Hapo ndipo alipoitwa mwanangu. "Polepole, mwanangu. Mungu akuweke, mwanangu." Nywele zikishatoka, neno lile nalo lilitoka, na Mwanamkisi akatumwa kukuna nazi. Nywele za kung'olewa huota tena, ngumu na fupi kuliko za kwanza, kwa hiyo kazi ile haikuwa na mwisho, na kila mwaka jicho lilikwaruzwa zaidi. Wote wawili walijua linakoelekea. Mmoja tu ndiye aliyelisema, naye aliambiwa anyamaze asilete nuksi.

Basi mwaka mmoja, kabla ya vita vya Wajerumani, alishuka mjini daktari ambaye hakutaka kujua lolote la mwanadamu isipokuwa kope. Ukiwa na homa, alikwambia nenda kwingine. Ukiwa na jipu, vilevile. Lakini ukiwa na kope mbovu alikukalisha kitini, akakuwashia taa mbele ya uso, akaipindua kope yako kwa kijiti, na kuitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka shingo yako ikafa ganzi. Alitaka kujua kwa nini watu wa visiwani wanaharibikiwa na kope: kama ni wanja, kama ni moshi, kama ni mchanga, na kama dawa yake ndiyo itakayowaponya. Watu walimpa jina la Bwana Kope, na naamini hakuna aliyemkosea. Alikaa Amu miezi mingi, akazijua kope zote za mji, na hakujua uso wa mtu hata mmoja.

Mkalimani wake alikuwa Mahmud, mtoto wa ndugu yake Bwana Muhdhar, kijana aliyesoma Unguja akarudi na viatu vya kamba na kikohozi cha kizungu. Kazi ile alikuwa ameitafuta kwa machozi, na angemuuza bibi yake mzaa baba kuliko kuipoteza.

Bwana Kope alitaka pia kope za wanawake wa nyumba kubwa, wale wasiotoka. Mkuu wa serikali akawaita wenye mji, akawaomba. Wenye mji wakatazamana. Bwana Muhdhar, ambaye hakuweza kuona mkuu anaomba kitu asikiahidi, alisimama akasema nyumba yake itakuwa ya kwanza, na mkewe atakuwa wa kwanza. Wenzake wakamtazama kama mtu aliyevua kanzu sokoni, lakini mkuu alimshika mkono, na mkono ule ulimtosha.

Nyumbani Bi Alawiya alimjibu kwa maneno machache. "Mimi, mwanamume kafiri anikodolee mato? Sitoki."

Watu wa Amu jicho huliita ito, macho ni mato, jina ni ina, kuja ni kuya na kujua ni kuyua. Bwana Muhdhar alizunguka chumbani akivuta ndevu, kisha macho yake yakamwangukia Mwanamkisi aliyekuwa akifagia.

"Ito ni ito," alisema. "Kwani la mtu lina ina lake limeandikwa? Daktari ataka ito, apawe ito. Mwanamkisi na akae nyuma ya pazia."

Ndivyo lilivyopita. Adabu ya mji ilikuwa imetengeneza pazia: shuka nyeupe iliyotundikwa katikati ya chumba cha daktari, na ndani yake tundu la kupitisha jicho moja. Mabibi wa mji, waliokataa kuonekana, walikuwa wamelipigania tundu lile kwa juma zima. Mmoja alisema tundu lisilopindwa ni aibu, mwingine akasema lidariziwe kwa hariri nyekundu, mwingine hariri ya kijani. Likadariziwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kuweka jicho lake pale, lakini tundu lilikuwa zuri.

Mwanamkisi alipelekwa ndani ya shiraa ya Bi Alawiya, kile kitambaa kikubwa kinachoshikiliwa kwa vijiti ili bibi apite njiani asionwe. Miaka yote alikuwa ameshika vijiti. Siku ile wengine walimshikia, na watu njiani walijibanza ukutani kumpisha. Alicheka peke yake humo ndani mpaka akashika ubavu, kisha akakumbuka alichokwenda kufanya, kicheko kikamkauka.

Maana kulikuwa na kasoro moja. Macho ya Mwanamkisi yalikuwa mazima, meupe na makavu, wala hayakupata kuumwa. Daktari wa kope angemfukuza, na ahadi ya Bwana Muhdhar ingeanguka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Bi Alawiya mwenyewe alimkamulia kitunguu, matone katika kila jicho. "Vumilia, mwanangu," alisema. Mwanamkisi aliondoka analia machozi ambayo hayakuwa ya huzuni, ingawa huzuni nayo ilikuwapo.

Bwana Kope aliweka kioo chake kwenye tundu, akapindua kope nyekundu, akafurahi. Mahmud alitafsiri, huku akitazama dari: daktari asema ni mwanzo wa vikope, na Mama Alawiya, kama Mahmud alivyozoea kumwita Bi Alawiya tangu utotoni, ana bahati kuja mapema. Atasuguliwa mrututu, lile jiwe la kijani-buluu linalochoma, lakini jicho la kulia peke yake. La kushoto litaachwa hivyohivyo, ili daktari ayalinganishe na kujua dawa ina nguvu kiasi gani. Nyuma ya shuka Mwanamkisi hakujibu. Bibi wa nyumba kubwa hasemi na wanaume, hata akichomwa.

Mrututu ulichoma. Mwanamkisi alirudi nyumbani jicho limevimba, akakuta kitunguu kingine kinamsubiri kwa safari ijayo. Safari ya tatu alikataa. Alisema jicho la kulia halitiwi tena kitu, wamuue wakitaka. Wakitaka wekundu, la kushoto lipo. Bi Alawiya alikasirika, kisha akakubali, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka.

Nanyi mtafakari uzuri wake. Jicho lililopata dawa halikupata kitunguu, na jicho lisilopata dawa lilipata kitunguu kila mara. Bwana Kope akaona la kulia linatulia, akapunguza mrututu, likatulia zaidi mpaka likang'aa. La kushoto likabaki jekundu. Mtu wa elimu, mwenye kioo cha kukuzia, alilinganisha jicho na jicho kwa uangalifu mkubwa, akapata uthibitisho ambao wenzake Ulaya hawajawahi kuupata, na uthibitisho wenyewe ulikuwa unanuka kitunguu kwa umbali wa shuka moja. Alidhani ni harufu ya nyumba.

Kisha akalisugua na la kushoto, Mwanamkisi akaacha kitunguu chote, na macho yote mawili yakapona siku zilezile. Daktari alimtangaza Bi Alawiya kwa mkuu wa serikali. Mkuu akampongeza Bwana Muhdhar mbele za watu. Bwana Muhdhar alipokea pongezi za kupona kwa mkewe kwa wiki nzima barazani, akieleza alivyomshawishi, alivyomshika mkono, jinsi mwanamke alivyokuwa jasiri. Akirudi nyumbani alimkuta mkewe amekaa gizani, leso usoni, kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza.

Katika shughuli zote zile jicho la Bi Alawiya lilikuwa likiendelea na safari yake. Mwanamkisi aling'oa, zikaota, akang'oa. Nywele nyingine zilikuwa fupi mno hata kikoleo hakikuzishika. Asubuhi moja Bi Alawiya alisema kuna ukungu ndani ya nyumba. Mwanamkisi alimwambia hakuna ukungu.

"Upo," alisema Bi Alawiya.

"Haupo, Bi. Ni ito."

Halafu Mwanamkisi akasema aliyokuwa ameyasikia nyuma ya shuka: kwamba kuna watu daktari amewakata kope, akazigeuza nje na kuzishona, na nywele hazikwaruzi tena. Mvuvi mmoja wa Shela alikuwa amekatwa, sasa anatunga sindano mwenyewe. Na daktari yumo katika kufunga masanduku yake, meli inatazamiwa. Bi Alawiya alijifuta jicho la kulia kwa leso. Jicho la kushoto alilipoteza kwa kungoja, na aliogopa giza kuliko alivyowaogopa watu. Nampa haki yake kwa hilo, kwa kuwa sitampa nyingine.

"Lete shiraa," alisema.

Walikwenda wawili. Bwana Muhdhar hakuambiwa. Ndani ya chumba cha daktari Bi Alawiya alishikwa mkono mpaka kwenye shuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaweka jicho lake mwenyewe mahali pa mtu kuliona. Bwana Kope alipindua kope, akatazama, akaiachia. Akasema maneno ya ukali kwa lugha yake.

Mahmud, aliyekuwa amejua tangu mwanzo nani alikuwa akija na nani hakuja, alikuwa na rangi ya majivu. "Daktari asema hili si ito la Mama Alawiya," alitafsiri. "Asema Mama Alawiya amepona."

"Mwambie ni mimi," alisema Bi Alawiya.

"Asema ayua vema ito la Mama Alawiya kuliko mumewe. Asema wewe ni mtu mwingine umekuja kwa ina lake."

"Mahmud. Sauti yangu huiyui?"

Mahmud alikohoa kikohozi chake cha kizungu. Aliijua sauti ile. Mwenye sauti hiyo ndiye aliyemlisha utotoni. Lakini kuitambua kungekuwa kumwambia daktari kwamba ushahidi wake wote mzuri ni kitunguu, kumwambia mkuu kwamba Bwana Muhdhar ni mwongo, na kumwambia Mahmud mwenyewe atafute kazi. Alisimama akatazama viatu vyake vya kamba.

"Daktari asema," aliendelea, "mtu anayeanza kwa kudanganya ina, hawezi kumwamini kutunza kidonda. Kama wewe ni wa nyumba ya Mama Alawiya, Mama Alawiya na aye mwenyewe, aseme."

Bi Alawiya aligeuka. Mwenye nasaba ya mpaka kwa babu wa mababu alisimama katika chumba kile bila kitu cha kumthibitisha kuwa ndiye yeye. Uso wake daktari hakuwahi kuuona, sauti yake hakuwahi kuisikia kabla ya siku ile, na jicho lake, kwa mujibu wa elimu, lilikuwa la mtu mwingine. Alinyosha mkono hewani akimtafuta Mwanamkisi.

Mwanamkisi alikuwa amesimama hapo kando, na sitasema alikuwa na huruma tupu. Alikuwa na hasira ya miaka, na kwa muda mfupi aliionea raha. Kisha akakumbuka ukungu wa asubuhi. Alimsogeza Bi Alawiya pembeni, akaweka jicho lake kwenye tundu lenye darizi.

Upande wa pili sauti ya Bwana Kope ilibadilika. Hata aliinama kidogo.

"Asema sabalheri, Mama Alawiya," alitafsiri Mahmud. "Asema ito lako ni zuri sana."

"Mwambie ahsante," alisema Mwanamkisi, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza nyuma ya shuka ile. "Mwambie huyu ni mtumishi wangu. Alitumia ina langu kwa kuogopa. Nimemleta mwenyewe, nataka akatwe kope leo, kabla meli haiyaya."

Mahmud alitafsiri, hilo halikumpunguzia kitu. Daktari akasema vema, ila lazima amuulize mwanamke mwenyewe, maana amekwisha kudanganya mara moja. Akauliza: je, wewe ni mtumishi wa Bi Alawiya?

Bi Alawiya aliushika mkono wa Mwanamkisi kwa kucha. Angeweza kuondoka. Shiraa ilikuwa mlangoni, jina lake lilikuwa bado ni lake, na ukungu ungemfuata nyumbani.

"Naam," alisema. "Ni mtumishi wake."

Lakini Bwana Kope hakumkata mtu kabla ya kumuuliza maswali, kwa kuwa maswali ndiyo yaliyomleta Amu. Umezaliwa wapi? Bi Alawiya alisema Pate, maana hilo alilijua. Umekuwa katika nyumba hii tangu lini? Tangu utotoni. Unalala wapi? "Chini ya ngazi," alisema. "Na mitungi." Unalalia nini? Mkeka. Ukiumwa, nani anakutazama? Mahmud alirudia swali.

"Hapana mtu," alisema Bi Alawiya.

Baba yako ni nani?

Hapo alikwama kabisa. Alijua majina ya mababu zake hata wale ambao makaburi yao hayaonekani tena, na jina hili moja hakuwa nalo. Alikuwa amelala mikononi mwa binti wa mtu huyo miaka na miaka, uso kwa uso, amemwita mwanangu, na hakupata kumuuliza. Daktari alisema jambo, na Mahmud hakulitafsiri, lakini lilieleweka: alishangaa watumwa wa hapa jinsi walivyo wajinga, hata baba zao hawawajui.

"Famau," alisema Mwanamkisi. "Mwambie babake ni Famau."

"Famau," alirudia Bi Alawiya.

Akakatwa adhuhuri ile. Walimtia matone ya ganzi, akalala mezani, uso umefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichoacha jicho tu, na bibi wa bandia alikaa nyuma ya shuka akatoa idhini kila alipoulizwa. Bwana Kope hakuwa na mkono mbaya. Kope iligeuka nje, nyuzi zikatolewa baadaye, ukungu ukaondoka. Meli ilikuja ikamchukua pamoja na masanduku yake, na nadhani huko kwao alizungumza vizuri sana juu ya mrututu.

Bi Alawiya aliona tena uzi na sindano. Aliona vumbi kwenye rafu na doa kwenye kanzu ya mumewe. Alimwona pia Mwanamkisi, kila siku, akipanda na kushuka ngazi ile, na hakuweza kulizoea jambo hilo. Alianza kumtuma mbali, kisha akakataa chakula alichokipika, kisha siku moja akasema watu wa Pate lazima wanamhitaji Mwanamkisi, ni vizuri arudi kwao. Watu gani, hakusema. Alimfungia leso mpya ya kuondokea.

Mwanamkisi alikwenda kumuaga. Hakutaka shukrani, alitaka kuitwa jina la baba yake mara moja tu katika nyumba ile, na asingeliomba. Alisimama mbele ya kiti kirefu akasema anakwenda. Bi Alawiya alimtazama kidogo, kwa jicho la kulia, safi, lisilo na hata unywele mmoja ndani.

"Nenda, mwanangu," alisema, akalifumba mpaka mlango ulipofungwa.